Fimbo za Bogenvilia na Ngata ya Majani

Hii aibu nimekaa nayo miaka mingi, na kabla sijaanza niwataje waliokuwepo, maana ukisimulia jambo bila majina watu watasema umetunga. Nilikuwepo mimi Kanini, mke wa Wandera dereva wa lori. Alikuwepo mama mkwe wangu Taaka, aliyemzaa Wandera na Egesa, mwenye boma letu pale Burumba. Alikuwepo huyo Egesa na mke wake Nabwire, ambaye siku hiyo alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwepo Mama Ajiambo, mama mzazi wa Nabwire, mtu wa Namboboto, aliyekuwa akiuza samaki soko la Busia. Na kule Malaba, ambako maneno yote yalianzia, kulikuwa na Mama Prisila, mke wa wakala wa forodha, mwenye bogenvilia. Wengine ni soko zima, hao siwezi kuwamaliza (ingawa wengi nawakumbuka).

Mimi si wa huku. Baba yangu alikuwa Mkamba, fundi wa reli, nikakulia kwenye nyumba za reli pale stesheni ya Malaba, mahali ambapo kila mtu ametoka kwao na desturi zake ameziacha huko. Shule nilifika darasa la tatu. Nilipoolewa Burumba sikujua hata nusu ya mambo ya Waluhya, na hakuna aliyenifundisha, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameshanifundisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati ule ng'ambo ya Uganda walikuwa wanakosa sabuni na chumvi, na mpaka mzima watu wanavuka na vitu chini ya nguo. Mimi nilikuwa natamani maua. Mama Prisila alikuwa na bogenvilia iliyopanda ukuta ikafika mpaka kwenye mabati, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili, na kila nikienda Malaba kumsalimia mama yangu nilikuwa nasimama pale getini kwake kama mtu anayengoja kulipwa. Siku hiyo akacheka, akaniita ndani, akachukua panga.

"Mama Makokha, leo utaenda nayo," akasema. (Makokha ni kifungua mimba wangu.) Akanikatia matawi marefu, akanieleza: fimbo ichukue iliyokomaa, unene wa penseli, ile laini ya juu uiache, ukifika uikate vipande, chini mshazari na juu sawa, ndiyo usije ukaipanda kichwa chini, toa majani, tia kwenye kopo lililotobolewa, mchanga wa mto na udongo, kaa nayo kivulini, maji kidogo tu. Halafu akanishika mkono. "Na nakuomba, usivute kuangalia mizizi. Bogenvilia haipendi kuchunguzwa."

Basi zisije zikakauka njiani, nikang'oa kwenye ua wake ule mmea unaotambaa, wenye majani ya kunuka, Waganda wanauita bombo, nikauloweka kwenye ndoo nikauzungusha kwenye mzigo wangu wa fimbo mara nyingi. Mama Prisila ni Mtaita, na yeye hakuona ubaya wowote. Wandera akapita na lori, akaurusha mzigo nyuma juu ya magunia, mimi nikakaa mbele, tukaenda. Busia akanishusha karibu na soko, yeye akaenda kupanga foleni ya forodha.

Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe, ni mdogo kabisa. Niliweka mzigo kichwani, miiba ikanichoma. Nikautua, nikaufungua ule mmea, nikausokota ngata, ile duara ya kuwekea mzigo, nikaivaa kichwani, na kipande kilichobaki kilikuwa kirefu, nikaona nisikitupe kitanifaa kuloweka nyumbani, nikakizungusha shingoni. Nikabeba maua yangu nikaingia sokoni, kwa sababu njia fupi ya Burumba inapita sokoni.

Wa kwanza kuniona alikuwa Namukasa, Mganda muuza ndizi, rafiki yangu wa kila siku. Nikamwambia, "Namukasa, habari ya leo?" Hakujibu salamu. Akasimama, akashika kiuno, akanitukana makalio.

Mimi nikadhani sikusikia vizuri. Nikaendelea. Muuza mihogo naye akanitukana, akicheka meno yote nje. Mwingine akamtukana mume wangu kwa neno ambalo hata mimi sijawahi kumwambia. (Mengine siandiki, wajukuu wanasoma.) Nikajiuliza kuna nini leo, wamekunywa busaa saa nne asubuhi soko zima? Nikajishika nyuma kuangalia kama gauni limepasuka. Halijapasuka. Na kadiri nilivyozidi kushangaa ndivyo walivyozidi kupiga vigelegele.

Ndipo hasira ikanipanda, na mimi nimekulia reli, matusi ya reli nayajua. Nikamgeukia Namukasa nikamwambia, "Na wewe mguu kama mchi, nani alikuuliza?" Nikamwambia muuza mihogo habari za mama yake. Badala ya kukasirika, soko likalipuka kwa furaha. Wakaanza kucheza. Yaani nikitukana wanashangilia, nikinyamaza wananitukana, nikawa kama kuku aliyeingia kanisani.

Mama Ajiambo akaja mbio kutoka upande wa samaki, mikono imejaa magamba, machozi yanamtoka. Akanishika mashavu na ile mikono. "Kanini! Ni kweli? Ni kweli, mwanangu?"

Nikamwambia, "Nini kweli, mama? Waambie hawa watu waache kunitukana!"

Akapiga kigelegele kimoja kirefu. "Amejibu vizuri! Twendeni!" Akawaacha samaki wake mezani, nzi wakabaki kuwauza, akachomoa fimbo moja ya bogenvilia kichwani kwangu akaanza kucheza nayo. Wengine nao wakachomoa. Nikapiga kelele, "Fimbo zangu! Msivunje macho ya kuchipukia!" lakini nani alikuwa ananisikia, kulikuwa na wimbo tayari, na maneno ya ule wimbo, Mungu atusamehe.

Tulikwenda Burumba hivyo, mimi katikati kama mfungwa, wanawake labda thelathini, na kila boma tunalopita linatoa watu. Mara nyingine nilicheza kidogo, nisiwe mimi peke yangu nisiyecheza. Nilijiambia labda ni harusi ya mtu. Labda ni uchaguzi.

Nitawaambia sasa kile ambacho mimi nilikuja kuambiwa baadaye: mmea ule, ukiuona mwanamke ameuvaa kichwani na shingoni, maana yake kwao kumezaliwa mapacha. Na jamaa wa mapacha hasalimiwi kwa salamu, anasalimiwa kwa matusi, na yeye lazima ajibu kwa matusi makubwa zaidi, ndiyo baraka, ndiyo furaha yenyewe. Mimi nilikuwa nimejibu kila kitu sawasawa.

Tukafika. Egesa alikuwa amekaa uani na bukta, miguu kwenye karai la maji, anakata kucha. Na ninyi wa huku mnajua, mama mkwe na mume wa binti yake hawaangaliani hivihivi. Mama Ajiambo tangu Nabwire aolewe alikuwa hajawahi kukanyaga boma letu, na akikutana na Egesa njiani mmoja aliingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Lakini mapacha wanaondoa hayo yote. Mama Ajiambo alimrukia mbele akicheza, akamnyooshea fimbo yangu, akasema kwa sauti ya soko, "Egesa wewe suruali tupu! Nani alijua ndani kuna kitu!"

Egesa alimwangalia mama mkwe wake, akaangalia bukta yake. Aliruka na karai mguuni, akakimbilia banda la kuku, kuku wote wakatoka, yeye akaingia.

Na hapo mlango wa jikoni ukafunguka, Nabwire akatoka na mwiko mkononi. Tumbo lake lilitangulia kutoka. Likiwa zima. Kubwa vilevile.

Wimbo ulikatika kama umeme. Mama Ajiambo alibaki na fimbo juu. Nilisikia kuku tu.

Mama mkwe Taaka akatoka nyuma ya nyumba polepole. Akaniangalia kichwani, akaniangalia shingoni. "Kanini," akasema, "nani kakuvika hiyo?"

"Mimi mwenyewe, mama. Ni ngata."

Hapo ndipo nilipoelezwa, na wote kwa pamoja, na kwa Kiluhya cha haraka, na sikucheka hata kidogo, na ninyi mngoje kucheka. Nabwire alikuwa amepoteza mimba mbili. Hii ya tatu hakuna aliyekuwa anaitaja, hata nguo za mtoto hazikuwa zimenunuliwa, sasa mimi nimemwimbia hadharani mtoto ambaye hajafika, na tena nimemwita wawili. Mama Ajiambo alikaa chini vumbini akajifunika uso na leso. Mmoja nyuma yangu akasema, siyo kwa sauti ya chini, "Mkamba huyu." Wakamba tunavyosemwa kwa uchawi mnajua. Nikaelewa kwamba mtoto yule akifa, aliyemuua nitakuwa mimi, nikaangua kilio.

Na kama hiyo haitoshi, Wandera akaingia mbio jasho tupu, ameacha lori kwenye foleni. Walikuwa wamempelekea habari kwamba mke wake amejifungua mapacha. Akasimama mbele yangu akaniangalia tumbo. "Lakini nimekushusha sasa hivi," akasema.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Mama Taaka akaokota fimbo zilizobaki, nyingine zimevunjika, akanipa. "Hizi zimeshaimbiwa, hazitupwi," akasema. "Utazipanda hapa mbele ya mlango wa Nabwire. Zikichipuka kabla hajajifungua, hakuna neno. Umesikia?"

Nilisikia. Nikazikata, chini mshazari, juu sawa, nikazipanda kwenye makopo kumi na mawili, mchanga wa mto nikauchota mwenyewe. Na nikaanza kuishi maisha ya wazimu. Wiki ya kwanza fimbo ni fimbo. Wiki ya pili fimbo ni fimbo. Nabwire akikohoa usiku mimi naamka. Asubuhi kabla jua halijatoka niko mlangoni kwake nimechuchumaa, nikavuta moja kidogo tu kuangalia kama ina mzizi. Haina. Nikairudisha. Kesho yake nikavuta nyingine. (Mama Prisila alisema nini? Lakini Mama Prisila hakuwa na mimba ya mtu mikononi mwake.) Nikamaliza makopo yote kwa kuyavuta, na moja moja zikaanza kukauka, na kila inayokauka Nabwire anaiona, ananiangalia, na mimi nakwenda kulia chooni.

Siku uchungu ulipomshika, makopo yote kumi na mawili yalikuwa kuni. Wakampeleka zahanati kwa baiskeli. Mimi sikufuata, nani angenitaka? Nikabaki nimekaa mbele ya yale makopo mpaka mchana, halafu nikainuka niwafungulie kuku, nikiwa sijui hata ninachofanya. Na pale nyuma ya banda la kuku, kwenye tope, nikaona fimbo imesimama. Ilikuwa ile ya Mama Ajiambo. Siku ile (aliniambia mwenyewe baadaye) alipoondoka kwa aibu alipitia nyuma ya banda, akaichomeka topeni akaisahau, na mimi sikuijua, kwa hiyo sikuivuta. Ilikuwa na machipukizi matatu, mekundu, madogo kama ulimi wa paka.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale niliposikia vigelegele vinatoka barabarani, na nilivyoogopa sikujua ni vya kweli au ni vile vyangu vimerudi. Ni msichana. Mmoja. Mzima, analia kama king'ora cha forodha. Mama Ajiambo alikuja na samaki, akakaa nje ya boma, Egesa akaingia kwenye mahindi.

Nikamshika Mama Taaka mkono nikamkokota mpaka nyuma ya banda nikamwonyesha. Akatazama. "Ni nini?"

"Fimbo, mama! Imechipuka kabla! Si ulisema?"

"Nilisema hivyo?" akasema. "Ulikuwa unalia sana siku ile, Kanini. Nilikupa kazi ya kufanya."

Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa desturi au ilikuwa huruma, na yeye amekwisha lala kaburini, chini ya bogenvilia ile ile, nyekundu, imefunika banda na ua wote, majirani wote wamekata fimbo kwangu. Kila anayekuja namwambia usivute, na namfungia kwa gunia na kamba ya katani. Mmea wowote wa kutambaa sitauweka mwilini mwangu tena mpaka nizikwe. Lakini Namukasa, kabla hajarudi kwao, kila nikipita alinitukana makalio, na mimi nilimjibu mguu.

Kama nimekosea, nirekebisheni. Nabwire yuko hai, anasema wanawake hawakufika thelathini na karai lilikuwa sufuria. Labda. Yeye alikuwa ndani, lakini pia yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu siku ile. Anayekumbuka vizuri zaidi aje aniambie, na akija, asalimie kwa salamu.