Sumaku ya Kaka Bakari

Juzi, pale Ukunda, nilimwona fundi akikaza sumaku kwenye spoki ya baiskeli ili kisaa cha mwendo kihesabu mizunguko ya gurudumu. Nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, baiskeli kama hiyo kaka yangu Bakari alipewa na mgeni wa hotelini. Nilipoigusa, alinisukuma nikaangukia kokoto. "Mtoto wa kike utaivunja."

Niliamini sumaku ndiyo iliyoivuta baiskeli. Alipokuwa akila, niliifungua sumaku hiyo kwa kisu kilichonuka samaki, nikaificha. Akaondoka kwenda Tiwi kwa mbio zilezile, nami nikalia kwa hasira.

Alirudi akitota jasho, akitazama kisaa. Kilionyesha sifuri.

"Kaka," nilimwambia kwa adabu, "kumbe hukutoka hapa uani."

Sumaku ninayo mpaka leo.