Mraba wa Sentimita Tatu

Mama alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulibaki unatetemeka na vidole vikawa vizito. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mabakuli mawili na maharage, ahamishe punje moja moja, mara tatu kwa siku. Siku ya nne akalisukuma bakuli pembeni. "Kwani mimi nimekuwa kuku?" akaniuliza. Alikuwa amechuma kahawa kwenye miteremko ya Meru tangu usichana wake, na hakuna jirani aliyemfikia kwa kasi. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema kila nilipomkuta: arudi kwenye mibuni yake msimu ukifika.

Mimi nachora mabango ya maduka. Nimepanga chumba mjini, mtaa wa Kaloleni, na Jumamosi hucheza na wenzangu michezo ya mezani, ile ya sanamu ndogo zinazotembezwa juu ya ramani yenye miraba. Nikapata wazo, na nikajiona mjanja kweli. Nilichora ramani ya shamba letu: mibuni, migomba, mfereji, njia ya kanisani. Nikachonga wachumaji wanne wa mti, kila mmoja juu ya kitako cha sentimita mbili na nusu, na ngedere watatu wa kuwasumbua, wanaosogezwa kwa kutupa dadu. Kanuni ilikuwa nyepesi. Wachumaji wote wanne wakisimama bega kwa bega kwenye miraba minne, kikapu kimejaa. Akianguka mmoja, ngedere wamekula. Kila mraba niliupa sentimita tatu, ili mkono unaotetemeka upate nafasi.

Ramani niliipeleka steshenari ya jirani. "Kaka, nikuprintie ienee yote?" dada wa pale aliuliza. Nikajibu ndiyo, macho yakiwa kwenye simu. Zilitoka nakala mbili zinazong'aa. Moja nikaibandika ukutani kwangu, nyingine nikaiviringisha nikaenda nayo nyumbani kwa mama, kijijini juu ya Maji ya Chai.

Mama aliipenda. "Hata pale mfereji unapovuja umepachora!" Akaanza kuwapanga wachumaji. Wa kwanza alisimama, wa pili akasimama. Wa tatu alimgonga wa pili, wote wakalala. Akarudia, wakalala tena. Mara ya sita au ya saba uvumilivu ukanishinda, nikaanza kuwapanga mwenyewe. "Wewe tupa dadu tu, mama," nikamwambia. Nilidhani huo ndio upendo. Alitupa dadu mara mbili, kisha akaufunika mkono wake kwa khanga.

"Huu umeshakufa, baba. Niache."

Tangu siku hiyo aligoma. Hakutaka ramani, hakutaka maharage. Kila nilipokwenda shikamoo yangu iliitikiwa vizuri na chai ilinywewa, lakini mkono ulibaki chini ya khanga. Dada yangu, anayeishi naye, akaninong'oneza kwamba mama amemwomba jirani atafute mtu wa kuchuma kahawa mwaka huu. Niliumia sana. Na mimi pia, niseme ukweli, niliamini kwamba mkono umekufa.

Wiki ya tatu, nikiwa chumbani napima pembe za bango, niliweka rula juu ya ile ramani ya ukutani, kwa mazoea tu. Mraba ulikuwa na sentimita mbili na nusu. Nikapima mwingine, ikawa hivyo hivyo. Mchoro wangu ulikuwa mkubwa kuliko karatasi, mashine ikaupunguza ili uenee. Kitako na mraba vililingana, hakukuwa na nafasi hata ya ukucha. Nilikata vitako vinne vya karatasi ngumu nikajaribu kuvipanga. Mimi mwenye mikono mizima, cha tatu kilikigonga cha pili.

Hasira zilinituma niende nikagombane na yule dada wa steshenari. Nilifika mlangoni kwake nikaikumbuka ile "ndiyo" yangu. Bango la duka la mtu hulipima mara mbili kabla halijatoka mikononi mwangu. Ramani ya mama yangu sikuipima hata mara moja.

Nikaprinti upya, safari hii rula mkononi, karatasi mbili nikaziunganisha kwa gundi. Nilipofika nyumbani niliziweka ramani zote mbili mbele yake, nikapima moja, nikapima nyingine.

"Mama, mkono wako haukuwa na kosa. Ramani ndiyo ilikuwa ndogo. Kosa ni langu."

Aliisogeza rula pembeni.

"Kwa hiyo wiki tatu nimemlilia Mungu kwa ajili ya karatasi?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote.

Akautoa mkono chini ya khanga. Alimweka wa kwanza, akamweka wa pili. Wa tatu aliyumba, nami nikanyoosha mkono nimdake.

"Toa mkono wako hapo."

Nikautoa, nikaukalia. Wa tatu akatulia. Wa nne alimshikilia hewani muda mrefu, vidole vikitetemeka, kisha akamshusha polepole na kumwachia. Wote wanne walikuwa wamesimama.

Mama hakunitazama. Aligeukia jikoni akamwita dada yangu.

"Nenda kwa jirani. Mwambie asitafute mtu."