Shoka Mikononi mwa Mtani

Nilipopangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha jirani na Igalula, nilifika na somo nililokuwa nimeliandaa tangu chuoni: uraia wa dunia. Nilibandika ramani ukutani, nikawaeleza wanafunzi wa Darasa la Tano habari za barafu inayoyeyuka na bahari inayopanda. Waliitikia kwa adabu. Hakuna aliyeuliza swali.

Mwalimu mwenzangu, mama wa Kizaramo aliyeolewa huku miaka mingi iliyopita, alikuwa ameketi nyuma akisahihisha madaftari. Kengele ilipolia aliniambia, "Mwanangu, dunia yako ni nzuri, ila umeitundika juu mno. Ishushe waifikie."

Kesho yake alitutoa nje, mimi pamoja na darasa, hadi kwenye msitu mdogo wa miyombo nyuma ya shule, ambako wanafunzi walikuwa wametundika mizinga yao ya nyuki. Akauliza: asali ikitoka hapa huenda wapi? Mmoja akasema, sokoni Tabora. Mwingine, ambaye baba yake hurina asali, akasema kwamba nta husafirishwa ng'ambo, na watu wasioijua Igalula huipaka midomoni. Wakaangua kicheko. "Haya, na miti hii ikiisha, nani atakosa nini?" Wakabishana hadi jua likawa kali. Yote niliyotaka kuwaambia siku iliyotangulia, waliyasema wenyewe.

Baadaye kamati ya ujenzi ya kijiji iliazimia kutujengea darasa jipya. Matofali yalikuwa yamekwisha kufyatuliwa. Yalihitaji kuchomwa, na kuni za karibu zaidi zilikuwa miyombo ile. Hapakuwa na ubaya katika nia yao, kwa maana darasa tulilihitaji kweli. Lakini wanafunzi walinijia na nyuso nzito: nyuki wataenda wapi? Msichana mmoja akakumbuka kwamba penye mashine ya kukoboa mpunga kuna kilima cha pumba kinachochomwa bure. Je, pumba haziwezi kuchoma matofali?

Nilipeleka wazo lao kwa mwenyekiti wa kijiji. Alinisikiliza kwa upole. "Mwalimu, wewe fundisha. Matofali tuachie sisi."

Siku ya kukata miti ikafika. Wanaume walikuja asubuhi, na mwenyekiti akaliegemeza shoka lake kwenye mti wa kwanza ili akunje mikono ya shati. Yule mama akatoka darasani, chaki ingali mkononi, akalichukua shoka, akaliweka chini na kulikalia.

"Mtani, nipe shoka langu."

"Shoka gani? Hili nimeliteka. Babu zenu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka kwetu pwani. Ninyi leo gunia la pumba linawashinda!"

"Na ninyi Wazaramo mlikuwa mmekaa tu mnakula nazi, mnatungoja tufike!"

"Ndiyo maana vichwa vyetu havijabonyea, mtani wangu."

Wanaume walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilikuwa bado sijaelewa kilichotendeka. Utani wa makabila hayo mawili ulianza katika njia ile ya misafara, na una sheria zake: kitu alichokiteka mtani hakinyang'anywi, na mwenyewe haruhusiwi kukasirika. Hana budi kukikomboa.

"Haya, mtani. Unataka nini?"

"Pumba. Mpaka tanuru lishibe. Darasa la Tano watakuonyesha zilipo."

Mwenyekiti alifuta machozi ya kicheko, kisha akaitazama mizinga iliyoning'inia juu yake. "Mtani mbaya wewe," alisema hatimaye, akaagiza mkokoteni wa ng'ombe.

Pumba huungua polepole. Matofali ya pembeni yalitoka yamepauka, ikabidi yachomwe upya, na wapo walionung'unika. Wanafunzi walijifunza pia hilo, kwamba jambo jema huweza kuchelewa. Mimi niliishusha ramani yangu, nikaanza kuichora upya pamoja nao, safari hii tukianzia kwenye mzinga.

Siku ile tanuru lilipowashwa kwa mara ya kwanza, mama alimrudishia mwenyekiti shoka lake mbele ya shule nzima. "Litunze, mtani. Utachanjia kuni za msiba wangu."

"Thubutu!" akajibu mwenyekiti. "Nitaleta pumba."