Nimejiona Nikimkosa Mtu Shimoni

Leo nimejiona kwenye kompyuta nikiua mtu.

Msicheke. Mimi nimeshuka maduara, yale mashimo ya dhahabu, wengi wenu hamjazaliwa, na kila niliyempa mkono alitoka.

Mjukuu wangu Kabula anatengeneza katuni za kufundisha wachimbaji usalama. Hapa Kahama hakuna wa kumshinda, akili amechukua kwangu. Sasa yule mzee wa kwenye katuni amempa sura yangu.

Basi akabonyeza katuni icheze. Kijana yuko shimoni, ananyoosha mkono. Mzee, yaani mimi, nikaudaka.

Mkono wangu ukapita katikati ya wake kama moshi. Kijana akaenda chini.

Nikasema, "Kabula, futa hiyo."

"Babu, ni kawaida. Kompyuta haijui kama mkono ni kitu kigumu. Mpaka niufunge huu kwenye ule, picha kwa picha."

Akaufunga. Akabonyeza tena. Safari hii ukashika kweli, ila ukagoma kuachia. Tukaenda chini wote wawili.

Yeye anacheka. Mimi nikamkamata mkono, wa kwake mwenyewe.

"Babu, unaniumiza."

"Vizuri," nikamwambia.

Kesho nilikuwa nishuke duarani na wenzangu kule Masumbwe. Siogopi kitu, mnanijua.

Ila sishuki. Wakiniulizia, waambieni ni goti.

Na ukinikuta njiani leo, nipe mkono kabla ya shikamoo. Nataka kujua kama wangu bado unashika.