Ndara za Mikononi

Wewe unayesoma, mtoto wako akiamka kesho na miguu haimtii tena, utampeleka wapi? Usijibu haraka. Watu wengi wema wa Pemba waliulizwa swali hilo na jibu walikuwa nalo tayari: ipo nyumba ya serikali, mpelekeni huko. Walisema hivyo kwa sauti ya huruma, wakaenda kuswali, na usiku wakalala vizuri.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Tibirinzi, kuta za chokaa na paa la bati, na juu ya mlango ubao ulioandikwa Nyumba ya Wasiojiweza. Ndani mlikuwa na ukumbi mmoja mrefu, vitanda vya chuma huku na huku, na vitandani wazee waliokosa watu. Afisa wa Kizungu alifika mara moja kwa mwaka akahesabu vitanda, akaridhika kwamba vyote vipo. Watu hakuwahesabu. Vitanda vilinunuliwa na serikali, watu walikuja bure.

Safari alikuwa mtumishi wa nyumba hiyo. Wazee wake walitoka bara zamani kuja kulima mashamba ya watu, na yeye kazi yake ilikuwa kubeba: maji, kuni, sufuria ya uji, na wagonjwa wenyewe kutoka kitandani hadi chooni. Yeye ndiye aliyefungua mlango siku ile ya mwaka 1956, Bakar, mvuvi wa Shumba Viamboni, alipofika na binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka mitano, jina lake Mwatum. Homa ilimpiga akiwa mdogo, na ilipoondoka iliondoka na miguu yake yote miwili. Mama yake alikuwa amefariki, na baba hakuwa na mtu wa kumwachia alfajiri anapokwenda kutega madema yake ya samaki.

Bwana Nassor, msimamizi wa nyumba, ambaye hakuvua koti hata jua likiwa utosini, alimchovya Bakar dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi.

"Basi," alisema. "Kuanzia leo huyu ni mtoto wa serikali."

"Wa serikali kabisa?" aliuliza Bakar.

"Kabisa."

Bakar alimweka mtoto sakafuni, akafuta dole lake kwenye shuka aliyojifunga, akatoka. Hakugeuka nyuma. Safari alimtazama mpaka akapotea njiani, na toka siku ile akamwekea kinyongo. Huyo si baba, alijiambia. Mtu anayetupa ganda la muhogo hutazama angalau limeangukia wapi.

Sasa, mtoto wa serikali alitakiwa kufanya nini? Kukaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni kubwa ya nyumba ile, ingawa hakuna aliyeiandika. Akae kitandani, uji uje, ukishaliwa sahani iondoke, akae tena mpaka mchana. Mwatum alikaa wiki ya kwanza. Wiki ya pili Safari alirudi kisimani akamkuta yuko uani, amejiburuta kwa mikono, viganja vinatoka damu, anamfukuza kuku.

"Unakwenda wapi weye?"

"Nnamtafuta Serikali," alisema mtoto. "Si ndiye baba yangu sasa? Toka nije sijamuona akipita."

Safari alimnyanyua, akamwosha viganja. Kesho yake alikwenda gereji moja mjini akaomba kipande cha mpira mbovu wa gari, akakata ndara mbili ndogo, akazitia kanda za juu. Hazikuwa za miguuni. Mwatum alizivaa mikononi. Tangu hapo, kila kulipokucha, ukumbi ulisikia mpira ukipiga sakafu, pa, pa, pa, na wazee wakajua kuwa kumepambazuka. Mzee Nyange, aliyekuwa haoni, alikuwa akisema hahitaji tena kuuliza saa.

Kitanda cha chuma hakikuweza kumzuia mtoto yule. Alijifunza kusuka ukili wa mikeka kwa bibi wa kitanda cha mwisho, akawa anasuka kuliko bibi mwenyewe. Msimu wa karafuu, magunia yalipoletwa uani ili wenye nguvu wachambue, alikaa katikati ya rundo akachambua mpaka vidole vikawa vyeusi, huku akiwachekesha wazee wasahau maumivu yao. Mzee akifa, Mwatum ndiye aliyemlilia. Mara nyingi hakuwa na mwingine wa kumlilia.

Siku moja akatoka getini bila ruhusa, akavuka barabara, akaenda kwenye chuo cha Bi Kazija. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mkali, aliyefundisha Kurani barazani kwake, na bakora yake ilijulikana Tibirinzi nzima. Watoto walipomwona mgeni anakuja kwa mikono walianza.

"Kobe huyo! Kobe, wendapi?"

"Nakwenda kwenu," alijibu Mwatum bila kusimama. "Nimesikia kuna ubwabwa, na mama yako kasema leo nyie hamli."

Wenzao waliwacheka waliomtania. Bi Kazija akamtazama kutoka juu.

"Serikali imekuruhusu kuja?"

"Sikuiuliza, Bi. Kila nikiitafuta haipo."

Bi Kazija akasogeza kanga yake, akamwonyesha mkekani. "Kaa hapa. Ukichelewa kesho utakula bakora kama wenzio. Sitaki kusikia habari za miguu, hapa tunasomea midomo."

Mwatum alikula bakora zake kama wenzake, na hilo lilimfurahisha kuliko huruma yote aliyopata kupewa. Bwana Nassor alinung'unika, kisha akanyamaza, kwa sababu kumzuia mtoto asisome Kurani kungemletea maneno mjini. Mwaka wa 1961, watu wakigombana kwa vyama hata visimani, Mwatum alihitimu.

Hapo ndipo tabu ilipozuka. Ada ya chuo cha Bi Kazija ilikuwa hii: mtoto akihitimu husoma mbele ya watu, kisha hurudishwa kwao kwa kasida, yeye mbele na chuo kizima nyuma. Mlangoni mwalimu humwambia mzazi, "Amana yako hii," na mzazi hunyoosha mikono akampokea. Bila ya hapo khitma haijatimia.

"Mleteni getini," alisema Bwana Nassor. "Hapa ndipo kwao."

"Getini hapana mtu," alisema Mwatum. "Nani atanipokea?"

"Nitakupokea mie, kwa niaba ya serikali."

Mwatum alimtazama kwa adabu. "Na baba yangu je? Naye yu hai."

Alikuwa hajamtaja tangu alipoletwa. Safari, aliyekuwa amesimama na ndoo, aligundua kuwa miaka yote ile mtoto hakuwa akimtafuta Serikali. Alikuwa akimtafuta baba yake, akingoja tu pa kuanzia.

Alhamisi asubuhi Mwatum alisoma barazani bila kukwama hata mara moja. Akina mama walilia, na Bi Kazija akajifanya anatengeneza mtandio. Kisha akatangaza, "Leo harudishwi mtu. Kesho asubuhi." Akamgeukia Safari na kusema kwa sauti ya chini, "Una siku moja, mwanangu. Kama baba yupo, aonekane."

Safari aliazima baskeli akaondoka saa ile ile. Njia nzima aliyapanga matusi, moja baada ya jingine, mpaka alipofika Shumba Viamboni alikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima. Alimkuta Bakar chini ya banda la makuti, amekaa, anafunga dema kwa kamba. Amezeeka haraka.

"Miye natoka nyumba ya serikali," alisema Safari.

Kamba ilimponyoka Bakar. "Kafa?"

"Kahitimu."

Bakar akainamisha kichwa juu ya dema, na mabega yake yakawa yanatikisika. Safari alitafuta tusi la kwanza, asilione.

"Kesho anarudishwa," alisema. "Anamtaka baba yake ampokee."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Miguu yako mibovu?"

"Nilitia dole, ndugu yangu," alisema Bakar. "Niliuliza, nikaambiwa kabisa. Mtu akishakabidhi kitu serikalini, kwenda kukidai si ni wizi huo? Nilimuuliza mtu mmoja hapa akaniambia nikionekana hata ubavuni mwa ile nyumba nitafungwa. Sikugeuka siku ile kwa kuwa nilijua nikigeuka ntamchukua." Akafuta uso. "Lakini pweza nilipeleka kila nilipopata. Nikimpa yule mchuuzi wa Tumbe mwenye baskeli, awaache getini kwenu. Wakavu, wazuri. Alikula?"

Safari aliona aibu inampanda mpaka masikioni. Aliwajua pweza hao. Mchuuzi alikuwa akiwaacha getini akisema ni wa wagonjwa, na watumishi waliwachukulia kuwa sadaka ya tajiri fulani, wakawala wao wenyewe jikoni kwa wali wa nazi. Safari mwenyewe alipenda mikono yao.

"Alikula kidogo," alisema. Kisha akaona uwongo haufai. "Tulikula sisi. Unisamehe."

Bakar alimkazia macho, halafu, kwa mara ya kwanza, akacheka kidogo. "Walikuwa wazuri?"

"Wazuri sana. Sasa njoo kesho. Ukifungwa, nitakuletea pweza jela."

Bakar aliinama akaiokota kamba yake. Alikuwa bado ameshika dema lile pale Safari alipopanda baskeli yake na kurudi.

Asubuhi ya Ijumaa Safari alisimama getini akayaona mambo haya. Kasida ilitoka barazani kwa Bi Kazija ikavuka barabara. Mbele alikuwa Mwatum, kanga mpya nyeupe kichwani, hina mikononi, na juu ya hina zile ndara za mpira. Safari alikuwa amejitolea kumbeba, akakataliwa. Nyuma yake walikuja watoto wale wale waliomwita kobe, wanaimba kwa nguvu, na wamepunguza mwendo ili wasimpite. Bwana Nassor alikuwa ametengeneza koti lake, amesimama katikati ya geti.

Bi Kazija alisimama. "Mwenye amana yuko wapi?"

"Mimi hapa," alisema Bwana Nassor.

"Serikali ina mikono, Bwana Nassor? Basi inyooshe ipokee."

Bwana Nassor aliitazama mikono yake, iliyoshika fimbo na miwani, na kabla hajaamua aviweke wapi vitu hivyo ikasikika kengele ya baskeli. Mchuuzi wa Tumbe alikuja anahema, na nyuma yake, juu ya tenga la samaki, alikuwa amekaa mtu mzima na furushi la pweza kifuani. Bakar alishuka. Alilitazama lile geti kama mtu anayetazama mlango wa jela, kisha akalisogelea, akaja mpaka mbele ya mtoto, akachutama vumbini.

Mwatum alivua ndara ya mkono wa kulia. Alifuta kiganja kwenye kanga yake mpya, akakinyoosha.

"Shikamoo, Baba."

Ada ni mtoto aubusu mkono wa mzazi. Bakar aliukamata mkono ule, akauona ulivyo mgumu, akaubusu yeye.

"Amana yako hii," alisema Bi Kazija.

"Nimeipokea," alisema Bakar.

Bwana Nassor alikohoa. "Sasa mie nitaandika nini?"

Bakar alikuwa amegeuza mgongo ili mtoto apande, kama alivyomleta. Mwatum akaivaa tena ndara yake, akaikaza.

"Weye chukua pweza, Baba," alisema, na akaishika barabara ya kaskazini ya kwenda Shumba, pa, pa, pa, baba yake akimfuata nyuma na furushi lake, anajifunza mwendo wa mwanawe.