Kamera Iliyomkataa Shangazi Sidi

Sikwenda Minjila kutembea. Nilikwenda kwa sababu shangazi yangu Sidi alinipigia simu, akaniambia kwa ile sauti yake ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, "Karisa, njoo na kamera yako unipige picha ya matanga." Nikamwuliza matanga ya nani. Akasema, "Yangu! Ya nani tena?"

Ninyi wa nyumbani wengi mnanijua nikiwa na mwiko mkononi, basi niwaeleze kidogo. Tangu niache kupika hotelini hapa Malindi nimenunua kamera ya mtumba yenye lenzi ndefu, na nazunguka nayo kwenye kwaya na harusi. Shangazi Sidi ni dada wa marehemu baba. Aliolewa zamani, wakahamia Minjila na mumewe kulima mahindi na ndizi kwenye udongo mweusi wa mto. Mwaka huu ameota uvimbe tumboni, na daktari wa hapa Malindi akampangia kupasuliwa Jumatatu.

Kisu hakikumtisha. Kilichomtisha ni picha. Mumewe alipofariki, watoto walitafuta picha yake ya kuweka mbele ya jeneza wakakosa, wakachukua moja ya simu wakaikuza. Ilivyokuzwa, marehemu akatoka hana pua. "Watu walikuja kumlilia mtu wasiyemjua," shangazi alikuwa akisema kila akikumbuka, na hasira zake zinapanda upya. Sasa msimamo wake ulikuwa mmoja: apigwe picha ya maana kwanza, ndipo apande gari aende hospitali. Bila picha, haendi.

Ijumaa asubuhi nikapanda basi la Lamu. Njia ni nzuri siku hizi, lami mpaka macho yanachoka, ila vizuizi navyo vimo. Tulishushwa, tukapanga foleni na vitambulisho mkononi, askari akaitazama picha yangu, akanitazama mimi, akarudia tena. "Hii ni wewe?" Nikamwambia ni mimi kabla ya ugonjwa wa sukari. Akacheka, akaniachia. Nilirudi kwenye kiti nikiwaza kwamba shangazi ana haki ya kununa.

Minjila nilishukia njia panda, pale magari ya Lamu yanapoachana na ya Garsen na Hola. Shangazi alikuwa amevaa tayari. Gauni la kanisani, kilemba cha buluu, miguu imepakwa mafuta. Amepungua, jamani. Nilipomkumbatia nilihisi mifupa, nikajikaza nisioneshe.

"Ndani," akasema. "Picha ya kazi hiyo haipigwi uwanjani kila mpita njia akiuliza ni ya nini."

Ndani ni chumba kimoja cha udongo, kitanda, meza, na leso aliyoitundika ukutani iwe ndiyo nyuma yake. Masikio ya shangazi ni mazito, kwa hivyo kuzungumza naye ni lazima umsogelee. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, magoti yetu yakigusana. Alitaka uso tu, kama kitambulisho, lakini wenye pua. Nikafungua dirisha, nikalenga, nikabonyeza.

Kimya. Lenzi ikavuma ikienda mbele na kurudi, vuu, vuu, na kile kitone cha kijani kinachotulia kamera ikiwa tayari kikawa kinapepesa tu. Nikabonyeza tena. Wapi!

"Umeshapiga?" akauliza shangazi bila kusogeza midomo.

"Bado, shangazi."

Nikatoa betri, nikaitia nyingine niliyoichaji usiku. Vile vile. Nikatoa kadi nikaangalia kile kiswichi cha pembeni kinachozuia picha zisiandikwe. Kilikuwa mahali pake, na kadi yenyewe ilikuwa tupu. Nikaizungusha lenzi nikaivua, nikasugua vile vidoti vya shaba vinavyoishikanisha na kamera kwa ufutio, kwa maana vumbi la safari ni adui, nikairudisha mpaka ikalia tak. Nikalenga. Vuu, vuu. Jasho likaanza kunitoka, na shangazi bado amekaza shingo kama anapimwa gauni.

Hapo Mama Halima akaingia uwanjani. Huyu ni Muorma, watu wa ng'ombe, jirani, humletea shangazi maziwa kila siku tangu watoto wao wakiwa wadogo. Nikaigeuza kamera mlangoni nimjaribu yeye. Kla! Ikampiga, na kibuyu chake cha maziwa, safi kabisa. Nikaigeuza kwa shangazi. Vuu, vuu.

"Eh! Hii kamera yako iko na macho mbaya," Mama Halima akasema. "Mimi nimetoka kukamua ng'ombe, inanichukua. Sidi amevaa vizuri, inakataa."

Alikuwa anatania, lakini shangazi alilisikia hilo vizuri, yeye asiyesikia kitu. Uso ukambadilika. Nikamwambia nitampiga kwa simu, akausukuma mkono wangu. Akafungua kilemba, akakikunja taratibu juu ya magoti.

"Imeona," akasema. "Mtu anayeondoka haonekani. Basi, sina haja ya kukatwa tumbo bure. Nitakaa hapa hapa kwangu."

Nikamsihi, Mama Halima akamsihi, akatugeuzia mgongo. Niliogopa sana. Kamera mbovu ni hasara ya mfuko, lakini sasa kamera mbovu ilikuwa inamzuia shangazi yangu asiende kutibiwa.

Jumamosi nikachukua bodaboda mpaka Garsen kutafuta fundi. Mji ulikuwa umechangamka, mbuzi wanavutwa kuelekea mnadani, wafanyabiashara wa ng'ombe na fimbo zao wanapatana bei, mabasi yanapiga honi. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja anayetengeneza simu katika kibanda cha mabati. Aliigeuza kamera juu chini, akailenga barabarani. Kla. Akawalenga mbuzi. Kla, kla.

"Mzee, hii iko poa. Haina noma."

"Jana ilikataa katakata!"

"Labda ilikuwa na stress," akasema, akaendelea na simu yake.

Nikaichukua nikiwa na hasira hata sikuaga vizuri. Kamera inapiga mbuzi wa Garsen nisiowajua, inamkataa shangazi yangu wa damu! Njiani kurudi nilikuwa nikiitukana kimoyomoyo, na nikijitukana mimi niliyeinunua.

Minjila niliwakuta wote wawili uwanjani kwenye mkeka. Shangazi amevaa leso ya nyumbani, Mama Halima anamsimulia jambo sikioni. Nikiwa bado pale boda iliponishusha, nikainua kamera kwa hasira tu, nikamlenga shangazi.

Kla!

Nikatazama kwenye kioo. Ni yeye, pua na yote. Nikapiga hatua mbele. Kla. Mbele tena. Kla. Nikasogea mpaka karibu nimkanyage. Vuu, vuu, kitone kinapepesa. Nikarudi nyuma hatua moja. Kla! Mbele: vuu. Nyuma: kla. Hapo ndipo macho yaliponifumbuka. Lenzi ile ni ya kuangalia mbali, na kitu kikiisogelea mno hushindwa kukiona. Miaka yote napiga kwaya na maharusi kutoka upande wa pili wa ukumbi. Sijawahi kumpiga mtu nikiwa nimegusana naye magoti.

Lakini wale wanawake hawakujua ninachopima. Walimwona mtu mzima mwenye tumbo anakwenda mbele na kurudi nyuma uwanjani kama anacheza ngoma ya harusi. Mama Halima akaanza kucheka. Shangazi akajizuia, akashindwa, akaegemea bega la mwenzake akacheka mpaka machozi. Nikabonyeza.

Kisha nikamweleza shangazi, nikimpigia kelele sikioni, kwamba kosa ni langu, nilimkaribia mno. Akaitaka kamera ajionee mwenyewe. Akatazama muda mrefu.

"Kumbe nipo," akasema.

Akaingia ndani, akafunga kilemba chake. Nikampiga uso peke yake nikiwa mbali, na leso nyuma, sawasawa alivyoagiza. Ilitoka vizuri mno, hata harusi sijawahi kupiga kama ile. Nikamwonesha zote mbili, hiyo na ile ya mkekani.

"Siku hiyo mweke hii," akasema, kidole juu ya ile ya kicheko.

"Lakini shangazi, Mama Halima yumo."

"Kwani mimi hapa niliishi peke yangu?"

"Wee Sidi!" Mama Halima akaruka. "Watu wakiona hiyo watasema mimi pia nimekufa!"

"Waseme. Wewe uje uwakatalie."

Mama Halima alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema ni moshi, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumapili tukarudi Malindi, shangazi kwenye kiti cha dirishani, kitambulisho kifuani. Jumatatu akapasuliwa. Alikaa wodini akigombana na wauguzi juu ya uji, nikajua amepona, na alipopata nguvu nikamrudisha kwake na picha ikiwa kwenye fremu.

Nilichojifunza ni hicho kimoja, na sasa sisahau kurudi nyuma hatua kabla ya kubonyeza. Picha imetundikwa ukutani Minjila, pale ilipokuwa leso, na Mama Halima kila akileta maziwa hulalamika kwamba pengo lake la jino linaonekana. Ile kazi ya matanga picha haijaifanya mpaka leo, na mimi sina haraka nayo.