Faru Aliyetakiwa Kuinuka

Baba alipotuambia amepata kazi ya kuwinda bila kuua, mama aliacha kusonga ugali akamtazama, akisubiri amalize utani wake. Haukuwa utani. Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori aliyemsumbua baba miaka mingi kwa sababu ya upinde na mishale yake ya sumu, sasa alitaka msaada wake. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa machweo wa Issuna, kilikuwa kinafyeka mashamba mapya kuelekea vichakani, na humo vichakani kulikuwa na faru. Serikali haikutaka wauawe, wala haikutaka waue watu. Basi angekuja daktari wa wanyama na bunduki inayorusha sindano. Faru angechomwa, angelala, angepimwa na kukatwa alama sikioni, kisha angechomwa sindano ya pili aamke aende zake. Wakishajua faru hao wanapita wapi, ndipo wangeamua mashamba yaishie wapi. Kazi ya baba ilikuwa kufuata nyayo.

"Na nyama?" mama akauliza.

"Nyama inaondoka kwa miguu yake," baba akasema, akacheka peke yake.

Mimi nilifurahi sana. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya kijiji kilekile, kichwa kimejaa taifa jipya, na hasira zangu zilikuwa karibu kila nilipoona mtu anang'ang'ania mambo ya zamani. Kusema kweli nilikuwa nikimwonea baba haya mbele ya walimu wenzangu. Sasa angepanda gari la serikali. Mama hakufurahi hata kidogo. Alirudi kwenye sufuria akausonga ule ugali mpaka ukawa mgumu, tukaula hivyohivyo.

Sina budi kueleza desturi ya nyumba yetu, maana bila hiyo mtu hataelewa mama aliogopa nini. Siku baba anapomfuata mnyama ambaye alipo pameshajulikana, mwanamke wa nyumba huketi jikoni kwenye kigoda, mbele ya moto, mpaka habari ifike kwamba mnyama amekufa. Hafagii, hamwagi maji, hapandishi sauti, na zaidi ya yote hainuki. Kama yumo mwanamke mwingine humo jikoni, naye amefungwa vilevile. Sumu ya mshale haiui mara moja. Mnyama huanguka akalala, na mwindaji inabidi amsogelee. Mwanamke akiinuka nyumbani, mnyama naye anainuka huko porini. Ndivyo walivyoamini wote, na baba akiwamo.

Nilipokuwa msichana mdogo, mdogo wake baba alimsogelea nyati aliyeanguka, na yule nyati akainuka. Walipomleta nyumbani amefunikwa blanketi, wakubwa wa ukoo hawakuuliza habari za nyati. Waliuliza: nani aliinuka? Mkewe, mwanamke mpole aliyekuwa akinisuka nywele, akajibu kwamba mtoto alikuwa anatambaa kuelekea motoni. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimkabidhi vyombo vyake wakamwambia arudi kwao, Mtinko. Watoto walibaki, kwa sababu watoto ni wa ukoo. Alikwenda na chungu chake kichwani, na yule mtoto aliyemwokoa na moto alikuwa akilia mikononi mwa mtu mwingine. Mama alisimama mlangoni akamtazama mpaka akapotea. Nadhani tangu siku hiyo hakuketi kwenye kigoda kile bila kumkumbuka.

Kwa hiyo baba alipomwita mama kando, jioni ya kuamkia kazi, kuku ndiyo kwanza wanapanda kulala, nilisogea nisikie.

"Siku zote wewe unawalaza wanyama," alimwambia. "Huyu wa kesho ni lazima ainuke. Daktari anasema akilala mno, uzito wake wenyewe unambana mapafu, anakufa. Na akifa, Bwana Nyama atasema ni sumu yangu."

Alikuwa amepatana na dereva wa gari lile, Mnyiramba wa Kiomboi, mtu wa mzaha mwingi. Sindano ya pili ikishaingia, dereva angepiga honi. Vichaka havikuwa mbali, honi ingesikika mpaka kwetu. Daktari hakuambiwa.

"Ukisikia honi, inuka. Mwaga maji, fagia. Hata ukitaka kunitukana, kesho ruksa."

Mama hakucheka. "Na wewe utakuwa wapi akiinuka?"

"Juu ya gari."

"Una hakika?"

"Mama watoto, daktari mwenyewe amesema kila mtu juu ya gari."

Mama alimpakata mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado hajaacha kunyonya, akaingia naye ndani. Niliona alivyomkumbatia, nikakereka. Nilijiambia hawa wazee wangu wataukuta ujamaa umefika mwezini, wao bado wanabishana juu ya kigoda.

Asubuhi baba alichukua upinde wake. Nilimkumbusha kwamba leo hakuna wa kupigwa mshale. Akasema mkono wake hauzoei kwenda porini mtupu. Daktari alimwamkia shikamoo kwa adabu zote. Alikuwa kijana wa Kitanzania aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, nguo zimepigwa pasi mpaka za kwendea porini. Gari likaondoka. Kabla hata vumbi halijatulia, niliwaona tai wakizunguka juu ya vichaka. Walishazoea kwamba baba akipita huko, wao hula. Siku ile walikuwa wamekosea, lakini hawakujua, na mimi sikupenda kuwatazama.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Mama aliniita jikoni.

"Najua wewe haya mambo huyataki," alisema. "Leo kaa nami tu. Siwezi kukaa peke yangu."

Sauti yake ilinitisha. Nikaketi. Aliwapeleka wadogo zangu kwa jirani, akanipa choroko nizichambue, na yeye akaketi kwenye kigoda, mtungi wa maji karibu na mguu wake. Joto liliongezeka. Moshi wa mashamba yaliyokuwa yakichomwa uliingia chini ya dari la tembe ukakataa kutoka. Kwa kawaida saa kama ile ungesikia mashoka ya wanakijiji wakifyeka, lakini siku ile Bwana Nyama alikuwa ameamuru kazi isimame, na ukimya ule ulinikaa vibaya. Tulizungumza Kinyaturu kwa sauti ya chini, maneno machache, kisha tukanyamaza kabisa. Nilichambua choroko zilezile mara nyingine tena.

Honi ikalia. Ilikuwa fupi, na ilitoka mbali kuliko nilivyotarajia.

Mama hakuinuka. Alishika kingo za kigoda kwa mikono miwili.

"Mama, ndiyo hiyo."

"Nimeisikia."

"Basi inuka."

"Ngoja kwanza apande gari."

Tulingoja. Sikuamini kwamba faru anamsubiri mama yangu, lakini niliamini kwamba baba anamsubiri, na jambo hilo lilinitia wasiwasi. Honi ikalia tena, safari hii ndefu, ya mtu anayesisitiza.

"Mama! Unamwangusha baba mbele ya watu!"

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Nikiinuka, na huko akaumia, watauliza. Wewe umesoma. Utanitetea?"

"Nitakutetea."

"Sema tena."

"Nitakutetea, mama. Inuka."

Akainuka. Aliuchukua mtungi akaenda nao mlangoni, akamwaga maji yote nje, na ardhi ikayanywa hapohapo. Kisha akasimama pale, mtungi mtupu mkononi, akitazama upande wa vichaka. Hatukusikia chochote. Nilimwambia aje aketi, akasema leo hakuna kuketi, si ndivyo alivyoagizwa.

Gari lilirudi mbio bila kupiga honi. Dereva alishuka wa kwanza, na nilipoona yule mtu wa mzaha anashindwa kunitazama, nilijua.

Alitueleza yote. Sindano ya pili iliingia vizuri, watu wote wakapanda, baba pia. Faru, jike kubwa, akaendelea kulala. Baba akamnong'oneza dereva: mke wangu hajasikia, piga tena. Alipopiga, daktari akamfokea kwamba kelele si dawa. Wakangoja. Baba akawa hatulii. Akasema huyu anakufa, akashuka na upinde wake. Wakamwita, hakugeuka. Alimzunguka yule faru kwa nyuma, kama wanavyofanya wawindaji wote wa upinde wa kwetu, akanyoosha ncha ya upinde amguse jicho, kwa kuwa mnyama akiguswa jicho asipopepesa, ndipo unajua amekufa. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Jicho lilipepesa. Faru akasimama wima mara moja, na baba alikuwa karibu mno.

Jike lile liliingia vichakani likiwa zima, na alama yake sikioni. Daktari aliketi chini ukutani kwetu, akalia waziwazi. Sikumchukia. Kwa kawaida mimi ni mwepesi wa kuchukia, lakini yule sikumweza.

Baada ya maziko wakubwa wa ukoo waliketi uani. Mama aliketi ukutani na kaniki yake kichwani, mtoto akinyonya, wadogo zangu wengine wamemzunguka. Nilipopita jikoni niliona sufuria zake zimeoshwa na kupangwa moja ndani ya nyingine. Alikwisha kujifungashia. Nilisikia uchungu kuliko nilivyosikia makaburini.

Nikaenda kumtetea kama nilivyoahidi. Niliwasalimu shikamoo mmoja mmoja, nikawaeleza habari ya sindano, na muda wa dawa kufanya kazi, na ile honi ya pili, na upinde kwenye jicho. Nilieleza vizuri; darasani ningejipa alama zote. Walinisikiliza wanavyomsikiliza mwalimu, kwa heshima, wakisubiri amalize. Nilipomaliza, baba mkubwa, kaka yake marehemu, alinishukuru. Kisha akawageukia wanawake waliokuwa jikoni siku ile, yaani mama na mimi.

"Nani aliinuka?"

Alikuwa na huzuni alipouliza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningeweza kugombana naye. Mama alimtoa mtoto kwenye ziwa, akajifunika kifua. Akafungua kinywa.

Nikamshika mkono nikamminya mpaka akakifunga.

"Mimi," nikasema. "Mama alikaa. Mimi ndiye niliyeinuka nikamwaga maji."

Baba mkubwa alinitazama muda mrefu, akamtazama mama, akanitazama tena. Nadhani alijua. Lakini alikuwa ameuliza mbele ya watu, na alikuwa amejibiwa mbele ya watu.

"Haya," nikawaambia, "nirudisheni kwetu."

Hawakuwa na mahali pa kunipeleka, maana mimi ni mtoto wa ukoo, na kwetu kulikuwa palepale. Mama aliishi kwenye nyumba ile na watoto wake mpaka uzeeni, na jambo lile hatukulizungumza hata mara moja. Mimi nimezeeka sasa. Nikienda kuwatembelea watu wa ukoo wetu, mwanamke ambaye mumewe yuko safarini haniingizi jikoni mwake. Ananitolea kiti nje, kwa adabu zote, na chai ananiletea hukohuko.